Kupima presha siku moja kijijini si kinga

SWALI: Daktari, shikamoo. Tuna umoja wa watu wa Rufiji tunaoishi Mbagala. Tumechanga milioni tatu, Jumamosi moja tupeleke wataalamu kijijini wapime presha na sukari bure na kugawa dawa za mwezi mmoja. Mwenzetu amejitolea unga wa mizizi unaomaliza sukari kwa siku 21. Tununue vipimo gani?

JIBU: Marahaba. Mashine ya presha ya mkanda wa juu ya kiwiko inatosha, na ya sukari nunueni ile ambayo vipande vyake vya kupimia havikosekani madukani.

Kinachoniumiza ni huo mwezi mmoja wa dawa. Mtu anameza vidonge, presha inashuka, jirani anamwambia amepona, anaacha. Hajapona! Ilikuwa imeshikwa na kidonge. Inapanda tena kimyakimya, hata kichwa hakimuumi, kisha namkuta wodini hapa Dar amepooza upande mmoja. Wanawe huniambia, "Lakini alishapimwa, akapewa na dawa." Na kipimo kimoja cha 150/90 kwa mtu aliyetoka kutembea saa nzima juani hakimfanyi mgonjwa. Akae dakika tano, apimwe, arudiwe siku nyingine. Jumamosi yenu itamrudia lini?

Kabla ya kukodi gari, kaeni na mganga mfawidhi wa zahanati na serikali ya kijiji. Ulizeni dawa gani hukatika pale na nani atawafuata wanaokosa kliniki. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Januari 2024. Kama kijiji chenu kina mhudumu, fedha zenu zimwezeshe yeye. Ndiye anayejua kuwa mzee fulani yuko dunguni analinda mpunga na dawa zimemwishia.

Unga uacheni hukohuko Mbagala. Hakuna mzizi unaomaliza kisukari kwa siku 21, na anayeishi kwa insulini akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwaka 2011 watu walijazana Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 wakiamini kitawaponya, na wapo walioacha vidonge vyao kwa sababu hiyo. Bado hatujajifunza. Yeyote anayekutaka uache dawa za hospitali ili yake ifanye kazi, awe stendi, redioni au msikitini na kanisani, mkimbie, hata kama ni ndugu yako na haombi senti.

Na kama hamjui nani atawapima hao wagonjwa mwezi unaofuata, dawa zenu zikishaisha, ahirisheni safari.