Nyavu za papa hapana, tuangalie msimu

Swali lenu la wiki hii linauliza: papa wanaposogea kwa msimu karibu na fukwe za kuogelea, tuweke nyavu za kuwazuia? Nasema hapana. Naishi Tanga, na wanangu huogelea Raskazone.

Papa hawaji ufukweni kuwinda watu. Wanafuata joto la maji na chakula. Huko Florida, Marekani, papa wenye ncha nyeusi za mapezi hushuka kusini kila majira ya baridi, na kati ya Januari na Machi hupita kwa maelfu ndani ya mita 200 kutoka ufukweni. Watafiti wa chuo kikuu cha Florida Atlantic huwahesabu kwa ndege. Joto likirejea, papa hao wanapanda tena kaskazini. Watu wanaendelea kuoga, na mwaka 2024 mashambulizi ya papa ambao hawakuchokozwa yaliyothibitishwa dunia nzima yalikuwa 47. Kila moja ni msiba kwa mwenyewe, silidharau, lakini hiyo ndiyo hesabu.

Wanaotaka nyavu hutaja Afrika Kusini. Ni kweli, kati ya Desemba 1957 na Aprili 1958 watu kadhaa waliuawa na papa pwani ya Natal, na nyavu zikaenea. Ila nyavu zile si ukuta. Ni vipande vya mita mia mbili na kitu, papa hupita chini na pembeni, na baadhi hunaswa wakiwa wanatoka ufukweni kurudi kilindini. Kasa, pomboo na samaki taa hufia humo humo. Halafu dagaa wanapopita, Juni na Julai, wanaozitega wenyewe huzitoa majini, maana papa na pomboo wanaowafuata ni wengi mno.

Na sisi nyavu tunazo tayari. Jarife za papa, nyavu za wavuvi zinazotegwa maji marefu kuanzia Tanga hadi Kigombe, ndizo zilizoanza kunasa silikanti, samaki wa kale wa kilindini, miaka ya 2000, hadi ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009. Papa huchelewa kukomaa na huzaa kidogo, hawawezi kuhimili jarife za kila usiku. Kaa dikoni asubuhi uone wanaoshushwa: wengi ni vitoto, hata papa pingusi mwenye kichwa cha nyundo, ambaye baadhi ya jamii zake ziko ukingoni mwa kutoweka. Hilo linanitisha kuliko pezi lolote.

Kinachotakiwa kwetu ni kidogo, na kiko mikononi mwetu. Matumbo ya samaki yanatupwa majini pale pale watoto wanapochezea. Yachimbiwe shimo mbali na maji. Masika, mto Pangani unapomwaga tope, watu wasioge karibu na mlango wake, kwa sababu katika maji machafu papa haoni vizuri anachouma. Alfajiri na magharibi tuwaachie bahari, ndiyo saa zao za kula. Na wavuvi waulizwe. Nahodha anajua kaskazi inaleta samaki gani na kusi inawapeleka wapi, lakini sijaona kamati ya ufukwe iliyomwita kikaoni. Wamwite kabla ya kaskazi kuanza, anayoyasema yaandikwe kwenye ubao mahali waogaji wanapoteremkia, Raskazone na Ushongo kule Pangani.