Kompyuta kuganda ukichomoa adapta ya Wi-Fi: angalia mpangilio wa kuzima

Mkuu, umeuliza kama kuongeza kufuli (kinga ya kuzuia sehemu mbili za programu zisiguse data ileile kwa pamoja) kwenye draiva yako ya Linux, yaani programu inayoendesha adapta, kutazuia kompyuta isigande unapochomoa adapta ya USB. Hapana. Draiva za aina hii nilizowahi kuzirekebisha zilikuwa na kufuli za kutosha. Kilichoharibika ni mpangilio wa kuzima, yaani kipi kinazimwa kabla ya kipi.

Anza na funksheni inayoitwa adapta ikichomolewa. Kama imeshika myuteksi (kufuli ambayo anayeingoja hulala) kisha inaita cancel_work_sync(), inayofuta kazi ya foleni au kungoja iishe, na kazi iliyo kwenye foleni nayo inaitaka myuteksi ileile, zimekwamana: funksheni inangoja kazi iishe, kazi inangoja myuteksi iachiwe. ieee80211_unregister_hw(), inayoiondoa adapta kwenye mfumo wa Wi-Fi, ina mtego huohuo. Kama intafesi bado imewashwa, mac80211 (sehemu ya Wi-Fi ya keneli, kiini cha Linux) itaita funksheni ya stop ya draiva yako, ambayo mara nyingi hushika myuteksi ya draiva. Kwa hiyo iite ukiwa hujashika kitu. Baada yake simamisha URB (maombi ya kupitisha data kwenye USB), taima na kazi zote. Ya mwisho kabisa iwe ieee80211_free_hw(), inayoachia kumbukumbu ya adapta. Ukiiachia kumbukumbu mapema mno, taima moja iliyosalia inatosha kuandika mahali ambapo keneli imeshampa mwingine.

Pakiti nazo zinataka umakini mkubwa. Kila skb (muundo wa keneli unaobeba pakiti) jiulize sasa ni ya nani. Pakiti iliyopokelewa, ukishaikabidhi kwa ieee80211_rx() si yako tena, na ukiiachia hapo itakuwa imeachiwa mara mbili. Ila utumaji ukikwama ndani ya draiva, wewe ndiye wa kuiachia kwa ieee80211_free_txskb(), la sivyo inavuja. Uvujaji mwingi nimeukuta kwenye njia za makosa (msimbo unaoendeshwa jambo likishindikana), kwa sababu ni wachache wanaozijaribu.

Na ndani ya funksheni ya kukamilisha URB hairuhusiwi kulala: tumia spinloku (kufuli ambayo anayeingoja halali) na GFP_ATOMIC (kuomba kumbukumbu bila kulala), myuteksi iache.

Kabla hujagusa mstari wowote, jenga keneli yenye CONFIG_PROVE_LOCKING na CONFIG_KASAN, vikaguzi viwili vya makosa. Ya kwanza hulalamikia mpangilio mbaya wa kufuli hata kabla mkwamo wenyewe haujatokea. KASAN, iliyoingia Linux 4.0 mwaka 2015, huonyesha nani kagusa kumbukumbu, nani aliitenga na nani aliiachia. Huyo wa tatu ndiye ninayemsoma kwanza. Mashine itakuwa nzito, vumilia. Kisha chomoa adapta wakati iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao) inapitisha data, ubandike hapa ripoti nzima bila kuikata.