Maswali ya Wasomaji: Hashi inayokwama kwenye faili la kwanza

Assalaam alaykum wahariri. Niko Ngamiani, Tanga. Ninamwandikia wakala mmoja wa forodha programu ya C. Kila jioni nyaraka zilizoskaniwa zinanakiliwa kwenye diski ya nje, na programu inalinganisha alama za SHA-256 (hashi, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye data yote ya faili) kuhakikisha nakala haikuharibika. Natumia OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche. Faili la kwanza linatoa alama sahihi, sawa kabisa na ile ya amri ya sha256sum. Kuanzia la pili, mafaili yote yanatoa alama ileile ya faili la kwanza. EVP_MD_CTX_new nimeiita, EVP_DigestInit_ex nimeiita. Nimekosea wapi?

Waalaykum salaam. Kwa dalili hizo, Init (EVP_DigestInit_ex) umeiita mara moja tu, juu ya mzunguko wa mafaili, na ndani ya mzunguko zimebaki Update (EVP_DigestUpdate, inayoingiza data) na Final (EVP_DigestFinal_ex, inayotoa jibu). Faili la kwanza linapita salama. Final inapomaliza kazi, hali ya ndani ya hesabu inakuwa imefungwa, na OpenSSL haikubali kuendelea nayo mpaka uianzishe upya. Update na Final za faili la pili hazifanyi kazi ya maana, bafa yako (sehemu ya kumbukumbu inayopokea jibu) haiguswi, na wewe unachapisha mabaki ya faili la kwanza. Programu haikufa wala haikulalamika, kwa hiyo kosa la namna hii linaweza kukaa miezi bila mtu kulijua.

Wengi huchanganya kuumba na kuanzisha. EVP_MD_CTX_new inatenga kumbukumbu tu. Chombo ni kitupu, hakijui kama utafanya SHA-256 au kitu kingine. EVP_DigestInit_ex ndiyo inayochagua algoriti na kupanga namba za kuanzia. Kwa SHA-256 ni maneno manane ya biti 32, la kwanza 0x6a09e667 na la mwisho 0x5be0cd19, yaliyochotwa kwenye sehemu ya desimali ya vipeuo vya pili vya namba tasa nane za mwanzo, kuanzia 2 hadi 19. Update inasaga data vipande vya baiti 64 na kubadilisha maneno hayo manane kila kipande kinapopita. Final inaongeza biti moja ya 1, sifuri za kujazia na urefu wa ujumbe kwa biti 64, kisha inakuandikia baiti 32 za jibu. Baada ya hapo hakuna cha kuendeleza. Faili jipya linataka yale maneno manane yarudi yalivyokuwa, na anayeyarudisha ni Init peke yake.

Chombo chenyewe huna haja ya kukitupa na kuumba kingine kila mara. Panga hivi:

```
EVP_MD *md = EVP_MD_fetch(NULL, "SHA256", NULL);
EVP_MD_CTX *ctx = EVP_MD_CTX_new();
if (md == NULL || ctx == NULL) goto kosa;

for (i = 0; i < idadi; i++) {
    FILE *fp = fopen(majina[i], "rb");
    if (fp == NULL) goto kosa;
    if (EVP_DigestInit_ex(ctx, md, NULL) != 1) goto kosa;
    while ((n = fread(bafa, 1, sizeof bafa, fp)) > 0)
        if (EVP_DigestUpdate(ctx, bafa, n) != 1) goto kosa;
    if (ferror(fp)) goto kosa;
    if (EVP_DigestFinal_ex(ctx, alama, &urefu) != 1) goto kosa;
    fclose(fp);
    linganisha(majina[i], alama, urefu);
}

EVP_MD_CTX_free(ctx);
EVP_MD_free(md);
```

Angalia Init ilipokaa: ndani ya mzunguko, kabla ya baiti ya kwanza kusomwa. EVP_MD_fetch imebaki nje kwa makusudi. Ilikuja na OpenSSL 3.0 mwaka 2021, na inatafuta algoriti mara moja. Ukimpa Init EVP_sha256() ya zamani bado itafanya kazi, ila kwenye matoleo ya 3 utafutaji huo unarudiwa kila Init inapoitwa. Kwa mafaili mia mbili hutaona tofauti. Kwa vipande vidogo laki kadhaa utaiona.

Kila fanksheni hapo inakaguliwa kama imerudisha 1. Usiache hata moja. Penye lebo ya kosa weka ERR_print_errors_fp(stderr), maana bila hiyo utajua kazi imekwama lakini hutajua kwa nini.

Kwenye fread, tumia n iliyorudishwa, si ukubwa wa bafa. Bafa ya baiti 65536 inatosha sana, lakini kipande cha mwisho cha faili ni nadra kuijaza, na ukimpa Update ukubwa wote utaingiza takataka za kipande kilichotangulia. Bafa ya alama iwe `unsigned char alama[EVP_MAX_MD_SIZE]`, yaani baiti 64. Ukiiandika char tupu, kwenye kompyuta nyingi chapisho la %02x litakutolea ffffff katikati ya alama. Kulinganisha ni memcmp kwa urefu uliorudishwa. Strcmp itasimama kwenye baiti ya kwanza yenye sifuri na inaweza kukuambia alama mbili ni sawa kumbe sivyo.

Kabla ya kuigusa nyaraka hata moja, jaribu neno abc. Alama yake inaanza na ba7816bf na kuishia na f20015ad. Ukilinganisha na terminali tumia `printf abc | sha256sum`; echo inaongeza baiti ya mstari mpya na jibu linakuwa jingine kabisa. Ikariri pia e3b0c442 kama unavyokariri namba ya simu ya mdeni wako: ndivyo inavyoanza alama ya data tupu. Ukiiona kwenye faili lenye megabaiti tano, ujue Init na Final zimefanya kazi yao ila Update haikupata kitu, na aghalabu ni kwa sababu faili lilishasomwa hadi mwisho na rewind (kurudi mwanzo wa faili) imesahauliwa.

Kuna jambo hukuliuliza, nalo ni zito kuliko hitilafu yenyewe. Ukikagua nakala sekunde chache baada ya kunakili, mfumo unaweza kukusomea kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta badala ya diski. Alama zitalingana hata kama diski imeandika vibaya. Iondoe diski kwa utaratibu, ichomeke tena, ndipo ukague. Na ile orodha ya alama isikae kwenye diski hiyohiyo tu. Hapo inakulinda na uharibifu wa bahati mbaya, si na mtu mwenye nia ya kubadili hati. Anayeweza kubadili hati anaweza kubadili na orodha.

Habari za kazi. Niko Makorora, Tanga. Nina kifaa cha ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja) kinachorekodi kina cha maji kwenye tangi na kutuma rekodi zikiwa na SHA-256 kwa maktaba ya mbedTLS 3. Seva inazikataa zote. Nikichapisha alama, baiti 28 za mwanzo hazibadiliki kwa rekodi ileile, lakini nne za mwisho zinabadilikabadilika. Je, ni kumbukumbu mbovu?

Kumbukumbu yako haina neno. Namba 28 ndiyo inayokusaliti: huo ni urefu wa SHA-224. Tafuta mstari wa mbedtls_sha256_starts. Bila shaka umeandika `mbedtls_sha256_starts(&ctx, 1)`, ukichukulia 1 kuwa "washa". Hoja hiyo ya pili inauliza kama unataka SHA-224. Andika 0.

Kwa kuwa SHA-224 inaandika baiti 28 tu, zile nne za mwisho ni chochote kilichokuwa kimelala kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya fanksheni). Wala usidhani zile 28 ni SHA-256 iliyokatwa mkia. SHA-224 ina namba zake za kuanzia, zilizotokana na namba tasa kuanzia 23 hadi 53, kwa hiyo zinatofautiana tangu baiti ya kwanza. Seva yako ilikuwa na haki ya kukataa.

Kwenye mbedTLS kuna hatua mbili ambazo majina yake yanapotosha. mbedtls_sha256_init inafuta tu strakcha (chombo cha ctx) kwa sifuri. Starts ndiyo inayopanga namba za kuanzia. Ukiruka starts, hesabu itaendelea kutoka kwenye sifuri na itakupa alama isiyojulikana popote duniani, kila mara ileile, kwa utulivu kabisa. Tena hapa mafanikio ni 0, kinyume cha OpenSSL ambako ni 1. Anayehamisha msimbo kutoka maktaba moja kwenda nyingine abadili kwanza masharti yote ya if.

Mimi ni mwanafunzi, nipo Bagamoyo. Nimenakili mfano wa zamani ulioandikwa "EVP_MD_CTX ctx;" halafu "EVP_DigestInit(&ctx, ...)". Kompaila inasema haijui ukubwa wa ctx. Nimeshaweka libssl-dev, kifurushi cha kuandikia programu za OpenSSL.

Mfano huo ni wa kabla ya OpenSSL 1.1.0, iliyotoka mwaka 2016. Tangu hapo undani wa EVP_MD_CTX umefichwa, kompaila inaijua kwa jina tu, na huwezi tena kuitangaza kwenye staki. Tumia pointa na EVP_MD_CTX_new, mwishoni EVP_MD_CTX_free. Ukikuta mifano yenye EVP_MD_CTX_create, ni kitu kilekile kwa jina la zamani. SHA256_Init nayo utaikuta sana. Bado inafanya kazi, lakini tangu 3.0 imewekwa kwenye orodha ya zinazoachwa, na kompaila itakuonya kila unapoijenga programu.

Ukishamaliza hilo, huenda kiunganishi (linker) kikalalamika kwamba hakioni EVP_DigestInit_ex. Weka -lcrypto mwisho wa amri, baada ya jina la faili lako: `gcc hashi.c -o hashi -lcrypto`. Ukiitanguliza, kwenye Ubuntu mara nyingi inarukwa kwa sababu wakati inasomwa hakuna kilichokuwa kimeihitaji bado.