Unaenda Margherita mwezi wa nne? Soma hii kwanza

Wewe uliyeuliza kuhusu kupanda Margherita, kilele cha Rwenzori, mwezi wa nne, na kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya buti, ukodi au ununue, eti umeambiwa "theluji ya Uganda haiporomoki, hapa ni ikweta", huyo aliyekuambia muulize kama amewahi hata kulala Elena, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Ikweta ya kupigia picha iko Kayabwe, wewe unaenda mita 5,109.

Mimi maneno hayohayo niliuziwa na jamaa wa ofisi moja ya safari Kampala. Akatupangia kutoka Elena saa kumi na mbili asubuhi, eti mnywe chai kwanza! Mwongozaji wetu, Mkonzo, mwenyeji wa milima hiyo, alishasema toka usiku, mawingu yametanda, theluji haijaganda. Sisi tumelipa dola, tunataka picha, twende. Kumbe theluji huganda mbingu zikiwa wazi, joto lake linapotelea juu, mawingu yakifunga linabaki hapohapo.

Saa tano tunashuka jua limewaka, buti linazama hadi kwenye ugoko, ukilivuta linakuja na theluji imenata kama posho isiyoiva. Mara vibonge vya ukubwa wa ngumi vikaanza kubingirika vyenyewe kutoka juu, nasi tunacheka tunachukua video, na hiyo ndiyo dalili yenyewe ya theluji kuporomoka bwana. Haikuchukua muda tabaka la juu likaachia, wala si lile la kufunika kijiji, lilinifika kiunoni tu, lakini theluji iliyolowa ni nzito balaa, mwili ukaenda goti likabaki. Bila kamba ningeishia kwenye nyufa za barafu. Wapagazi wakanibeba kwa machela kwenye matope yote yale ya bonde la Bujuku, hospitali ikala akiba yangu yote, na yule jamaa hapokei simu mpaka leo, labda naye kafukiwa.

Sasa sikia. Saa nane usiku toka nje utazame juu. Nyota zipo, na ukifika kwenye barafu buti halizami, panda, ila jua likianza kukolea uwe umeshashuka. Nyota hakuna na buti linazama, rudi ukalale, hata kama ulilipa. Waongozaji wengine wanaona haya kumkatalia mgeni, kwa hiyo muulize, "Ningekuwa mwanao ungenipeleka?" halafu mtazame usoni. Na mwezi wa nne ni mvua, huku chini ikinyesha kule juu inaanguka theluji mbichi inaziba nyufa huzioni, usiku mawingu tu, nyota utazitoa wapi? Sogeza hadi wa saba, na aliyekuuzia safari akidai faini ya kubadili tarehe, mlipe.