Maswali na majibu: karata zilezile, njia mbili

Barua za safari hii zote ni za mchezo wa karata wa euchre, hutamkwa "yuka". Kwa mgeni, maelezo ya haraka. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, mwenzako kakaa mkabala nawe. Karata ni 24 tu, kuanzia tisa hadi ree. Kila mtu anapewa tano, nne zinabaki mezani, na ya juu inafunuliwa. Kwa zamu, kila mmoja ama anakubali aina ya karata hiyo iwe turufu (mgawaji ndiye anayeiokota, kisha anatupa moja), ama anapita. Wote wakipita, wanazunguka tena mara moja kutaja aina nyingine. Ghulamu wa turufu ndiye mkubwa kuliko wote, huitwa baua wa kulia. Ghulamu wa rangi ileile, nyekundu kwa nyekundu au nyeusi kwa nyeusi, anahamia kwenye turufu na kuwa wa pili: baua wa kushoto. Upande uliotaja turufu ukila mizunguko mitatu au minne kati ya mitano (mzunguko ni kila mtu kutoa karata moja, iliyo kubwa ikala) unapata pointi 1, ukila yote 2. Aliyecheza peke yake, mwenzake akiweka karata chini, akala yote anapata 4. Wakishindwa kula mitatu wameanguka, na wapinzani wanachukua 2. Wa kwanza kufika 10 ameshinda.

Nimeacha uoga wa kupitapita, na tangu hapo nimeshinda michezo 11 kati ya 16. Mbinu mpya imefaulu?

Huenda. Ila chukua sarafu uirushe mara 16, kisha urudie jaribio hilo mara nyingi. Karibu jaribio moja katika kila kumi litakupa vichwa 11 au zaidi, na sarafu haina mbinu yoyote. Hata michezo 100 ni michache. Mtu aliye sawa kabisa na wapinzani wake anaweza kutoka na ushindi 40, au 60, na isiwe ajabu. Ukitaka kuthibitisha kwamba unashinda 52 katika kila 100 badala ya 50, jiandae kwa michezo kama 2,500. Mimi sina umri huo wa kupoteza. Ndiyo maana nimeacha kuhesabu michezo, ninapima uamuzi mmoja mmoja. Namna yenyewe namweleza anayefuata.

Shikamoo mwalimu. Nyumbani tuko wawili tu na pakiti moja ya karata. Nitajaribuje mbinu bila kukusanya watu wanne?

Marahaba. Pakiti moja inatosha, tena unaweza hata kuwa peke yako.

Chagua mkono mmoja unaokutatiza. Nitatoa wangu. Mimi ndiye mgawaji, imefunuliwa kumi ya kopa, wenzangu watatu wamepita. Mkononi nina mfalme wa kopa, tisa ya kopa, ree ya shupaza, malkia wa pau na tisa ya uru. Niokote au nipite? Nikiokota nitatupa ile tisa ya uru, nibaki na turufu tatu ndogondogo na ree moja ya pembeni. Ni mkono wa kukosesha usingizi.

Tenga karata hizo sita. Zinabaki 18. Zichange, gawa tano kwa kila mmoja wa wale watatu, tatu zilale kifudifudi. Andika kila mtu kapata nini. Sasa cheza kana kwamba umeokota, andika pointi. Halafu rudisha kila karata kwa mwenyewe, cheza mgao uleule kana kwamba umepita, andika pointi. Ukipata wewe ni chanya, wakipata wao ni hasi. Unachotafuta ni tofauti ya njia hizo mbili.

Hivi ndivyo mgao mmoja ulivyokwenda mezani kwangu. Wa kushoto alianza na ree ya uru. Mwenzangu akatoa malkia wa uru, wa kulia hakuwa na uru akatupa pau ndogo, mimi sina uru tena, nikakata kwa tisa ya kopa. Mmoja. Nikateremsha ree ya shupaza, wote wakafuata kwa ndogo. Wa pili. Nikatoa mfalme wa kopa kwa moyo wa kufa na kupona. Wa kushoto akanirukia na ree ya kopa, nikajua nimekwisha, kumbe mwenzangu kashika ghulamu wa uru, yaani baua wa kushoto, akaifunika. Wa tatu. Wa nne ulikwenda kwao kwa ree ya pau, wa tano nikaukata kwa kumi ya kopa. Minne, pointi 1. Niliporudisha karata na kupita, hakuna aliyekuwa na mkono wa kutaja chochote hata duru ya pili, tukachanga upya: sifuri. Tofauti ni +1 kwa kuokota.

Mgao mmoja hausemi kitu. Fanya ishirini uone jumla inaelemea wapi, fanya hamsini ukiweza. Uzuri wake ni kwamba bahati ya mgawo ni ileile katika njia zote mbili, hivyo inajifuta yenyewe. Wachezaji wa briji hufanya hivyo mashindanoni: karata zilezile zinachezwa meza mbili.

Tahadhari mbili. Kwanza, mara ya pili unajua karata zilipo, na mkono utashawishika kudanganya. Andika kanuni za kila kiti kabla ya kuanza (kwa mfano: mwenza akitaja turufu, nikipata zamu ya kuongoza natoa turufu) na uzifuate hata zikikuumiza. Pili, ukigawa na kukuta mwenzako kapewa mabaua wote wawili, tupa mgao huo. Mchezaji mwenye mkono huo asingepita, na swali lako linasema alipita.

Mume wangu hataji turufu mpaka awe na uhakika wa kula mitatu. Anajisifu kwamba haanguki. Nimwambieje?

Mwambie asiyeanguka kabisa anapita mno.

Chukulia ukifaulu unapata 1, ukianguka unatoa 2. Kama kupita kungekuwa na thamani ya sifuri, ungetakiwa kufaulu mara mbili katika kila tatu ili usile hasara. Lakini kupita si sifuri. Ukipita, mara nyingi wapinzani ndio watakaotaja na kupata. Tuseme katika mkono fulani kupita kunakugharimu nusu pointi kwa wastani. Hapo ukitaja na kufaulu nusu tu ya mara, wastani wako nao ni kupoteza nusu pointi. Njia zimelingana. Na bado hatujahesabu siku utakazokula yote mitano na kupata 2.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mumeo si "una uhakika?" bali "tukipita, nini kitatokea?" Mwache atafute jibu kwa jaribio la hapo juu, kwa mikono ileile anayoipita.

Ni lini niende peke yangu?

Mara nyingi kuliko unavyofanya sasa. Kama mkono una mitatu ya uhakika, hesabu ni fupi. Peke yako, ukila yote unapata 4 badala ya 1, yaani tatu zaidi. Pamoja na mwenzako, ukila yote unapata 2 badala ya 1, moja zaidi. Basi hata kama nafasi yako ya kula yote peke yako ni zaidi kidogo ya theluthi moja, nenda, kwa sababu hata mwenza ambaye angekuhakikishia mitano kila mara hawezi kukulipa zaidi. Isipokuwa mna 8 au 9. Hapo nne hazina kazi, baki na mwenzako.

Nimeambiwa mgawaji akikataa kopa iliyofunuliwa, mimi wa kushoto kwake nitaje uru. Kwa nini? Si kubahatisha?

Si kubahatisha, ni kusikiliza. Mgawaji na mwenza wake walikuwa na kila sababu ya kuitaka kopa, kwa kuwa karata ile ingeingia mkononi mwao. Wamekataa. Ina maana huenda hawana maghulamu wekundu, na maghulamu hao ndio mabaua wa uru pia. Wasipokuwa kwao, wako kwako, kwa mwenzako, au wamelala. Kwa mwenza wa mgawaji hoja hiyohiyo inageuka: yeye aelekee nyeusi.

Kuna jambo la kuangalia ukilijaribu hili nyumbani. Ukichanga zile 18 na kugawa bila kutupa migao ambayo mgawaji asingeikataa kopa, utakuwa umefuta habari yenyewe unayoitegemea, kisha utashangaa kuona uru haina faida kuliko shupaza. Nimeona watu wakibishana jambo hili usiku kucha, na kila mmoja ana karatasi ya hesabu mkononi.

Kijana wangu ameandika programu inayocheza migao 10,000 kwa dakika. Tuiamini?

Hongera zake. Muulize swali moja: je, wachezaji wa programu yake wanaona karata za wenzao?

Programu nyingi za namna hiyo hugawa karata zote, kisha hutafuta mchezo bora kwa pande zote huku zikitazama mikono minne wazi. Hiyo inaenda haraka, lakini inampa kila mtu jicho la mganga. Chukua mfano. Wewe una mfalme wa pau, na unajiuliza kama ree ya pau iko kwa mpinzani. Kabla haijachezwa karata yoyote, karata usiyoiona ina nafasi tano katika 18 ya kuwa kwa mwenzako, kumi katika 18 ya kuwa kwa mmoja wa wapinzani, na tatu katika 18, yaani moja katika sita, ya kuwa imelala. Wewe lazima uishi na mashaka hayo. Programu haina mashaka: ree ikiwa imelala, inateremsha mfalme bila wasiwasi, na ikiwa kwa mpinzani inamficha. Matokeo yake hayafanani na ya meza ya watu.

Dawa ni kila mchezaji wa programu afuate kanuni zinazotegemea mkono wake na karata zilizokwisha kuchezwa tu. Itakuwa na makosa zaidi, kama sisi. Na abadilishe kanuni moja kwa wakati. Akibadilisha tatu, jumla ikipanda hatajua amshukuru nani.

Sisi tunacheza na karata 25, joka (jokari) ndiye mkubwa. Hesabu zako zinabadilika?

Kidogo. Huo ni mtindo wa kusini-magharibi mwa Uingereza, Cornwall na Devon. Zilizolala zinakuwa nne kati ya 19 usizoziona, kwa hiyo karata unayoitafuta imelala karibu mara moja katika tano badala ya sita, na turufu ni nane badala ya saba. Taja kwa uangalifu zaidi. Halafu joka si mgeni aliyeingilia: alibuniwa Marekani katika miaka ya 1860 kwa ajili ya mchezo huuhuu, awe baua anayewapita mabaua.

Tuna 9, wao wana 6, nami niko kushoto kwa mgawaji. Mwenzangu anataka nitaje turufu hata mkono ukiwa mtupu, eti ili mgawaji asiende peke yake. Ana akili timamu?

Anazo. Ukianguka wanapata 2, inakuwa 9 kwa 8, na mgao unaofuata ni wako. Mgawaji akienda peke yake akala yote, wamefika 10 na mchezo umekwisha. Ujanja huu una maana wakiwa na 6 au 7 tu. Wakiwa na 5, nne haziwamalizii mchezo, na wakiwa na 8, mbili zako ndizo zitakazowamalizia.

Lakini usifanye kama ibada. Ukiwa na baua wa kulia wa aina iliyofunuliwa, au wa kushoto akiwa na turufu nyingine pembeni, mgawaji hawezi kula yote, kwa hiyo pita kwa amani. Na kama iliyofunuliwa ni tisa, mimi huwa mzito wa kutoa sadaka hiyo. Ikifunuliwa sura ya ghulamu ndipo ninapomsikiliza mwenzako. Ukitaka kujaribu, usihesabu pointi za mgao. Endelea kucheza mpaka mchezo uishe na uandike nani kashinda, maana hapa mbili zilizopotea si hasara kama upande wako ndio unaofika 10.

Niandike nini kwenye daftari baada ya kucheza?

Vitu vinne kwa kila mara mlipotaja turufu: nani alitaja na alikaa kiti gani, ilifunuliwa karata gani, alikuwa na turufu ngapi, na mlipata nini. Usiandike visa.

Kwa muda mrefu niliamini mwenzangu wa mezani ndiye anayetuangusha, maana anakumbukwa kwa vishindo vyake. Daftari lilipofika ukurasa wa nane nikajumlisha. Kuanguka kwingi kulikuwa kwangu, tena nikiwa kiti cha tatu, nikimwamuru mgawaji mpinzani aokote karata ambayo alikuwa akiiomba kimoyomoyo. Nikampelekea mwenzangu daftari. Alisoma kurasa zote nane taratibu, akachanga karata, akaniwekea pakiti mbele, akasema, "Kata."