Mhadhiri mpya anauliza: nani atanishika mkono?

Kila Agosti, mwaka wa masomo unapofunguliwa katika vyuo vikuu vya Uganda, barua ninazoandikiwa na wahadhiri wapya huongezeka. Wengi wamemaliza uzamili juzi tu, wamekabidhiwa kozi mbili au tatu na meza katika ofisi ya watu wanne, kisha wameachwa. Hizi ni baadhi ya barua zao.

"Ni mhadhiri msaidizi hapa Gulu. Nilipoajiriwa niliambiwa profesa mmoja ndiye mlezi wangu wa kitaaluma. Muhula umekwisha, tumeonana mara moja ukumbini na hata jina langu hakulikumbuka. Nifanyeje?"

Usimhukumu bado. Profesa wa chuo cha umma ana wanafunzi wa uzamivu wanaomsubiri mlangoni, ana vikao vya seneti, ana mitihani ya chuo kingine anayoikagua kama mtahini wa nje, na mara nyingi ana mradi unaodaiwa ripoti. Ukimwendea na kumwambia "Profesa, naomba uniongoze," atakubali kwa upole, kisha hutamwona tena, kwa sababu hajui umemwomba nini hasa.

Mwombe jambo dogo lenye mwisho. Mwandikie hivi: "Habari za kazi, Profesa. Nimeandika ukurasa mmoja wa pendekezo langu la uzamivu. Naomba dakika ishirini wiki ijayo, asubuhi yoyote kabla ya kipindi chako, uniambie kama swali la utafiti limesimama. Nitakuja na nakala mkononi." Nenda na hiyo nakala na kalamu, andika anayosema, na baada ya wiki mbili mrudishie ukurasa uliorekebishwa, sehemu ulizobadilisha zikiwa zimepigiwa mstari. Mzee akiona maneno yake yamefanyiwa kazi, mara ya pili hakupi taabu kumpata.

Tena usimtegemee yeye peke yake. Wa kukufundisha kuendesha darasa ni jirani yako aliyekutangulia miaka mitatu, bado anakumbuka lilivyomchoma. Wa kukuonyesha hifadhidata ambazo chuo kinazilipia ni mkutubi, na ni wachache sana wanaokwenda kumuuliza. Kwa uandishi wa makala upo mpango wa AuthorAID, ulioanza mwaka 2007, unaowakutanisha watafiti wa nchi zinazoendelea na walezi kupitia intaneti, bila malipo.

Nawaambia na wakuu wa idara: kuandika jina la mlezi kwenye faili la mwajiriwa bila kumtengea mlezi huyo saa hata moja katika ratiba ni kumdanganya kijana. Punguzeni kipindi kimoja kwa anayelea, na ulezi wake uhesabiwe anapoomba kupandishwa cheo.

"Nafundisha Mbale, darasa la watu zaidi ya mia mbili. Nimerithi mihtasari ya aliyenitangulia, naisoma kwenye slaidi, na naona wazi wanachoka. Hakuna aliyewahi kunifundisha kufundisha."

Hili linaniuma, kwa maana mwalimu wa sekondari hawezi kuingia darasani bila mafunzo ya ualimu, lakini sisi tunamtosa mtu mbele ya mia mbili kwa sababu tu ana shahada ya pili.

Mwombe mwenzako akae nyuma kipindi kimoja. Mwambie asikutazame wewe, awatazame wanafunzi: wanaanza kushika simu dakika ya ngapi, na ulikuwa unasema nini wakati huo? Utashangaa mara nyingi ni dakika ileile. Hapo ndipo pa kukatiza mhadhara, uwape swali wajadiliane wawili wawili. Mwisho wa kipindi gawa vipande vya karatasi, kila mmoja aandike jambo ambalo hajalielewa, bila jina. Huna haja ya kuvisoma vyote. Chukua thelathini, na kipindi kijacho anza na lile lililojirudia.

Kwenye kusahihisha, kaa na mwenzako mkubaliane mwongozo wa alama, kila mmoja asahihishe karatasi kumi zilezile peke yake, kisha mlinganishe. Mkipishana sana, mwongozo ndio wenye kasoro.

"Niko Mbarara. Nimeandika makala kutokana na tasnifu yangu ya uzamili. Msimamizi wangu anataka jina lake litangulie. Nikikataa, naogopa ataniharibia."

Hofu yako ina msingi, nami sitaidharau. Lakini haki iko upande wako. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo kanuni zake hufuatwa hata nje ya tiba, inataka mwandishi atimize masharti manne kwa pamoja: awe na mchango wa maana katika wazo, data au uchambuzi, awe ameandika au kuhakiki kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi yote. Msimamizi aliyekuongoza kweli anaweza kuyatimiza, basi jina lake liwemo. Nafasi ya kwanza katika taaluma nyingi ni ya aliyebeba kazi kubwa, na kwa maelezo yako huyo ni wewe.

Mwendee kwa heshima, si kwa barua pepe: "Mwalimu, nimeorodhesha nani alifanya nini katika makala hii, naomba tuipitie pamoja." Karatasi ile itakusaidia kusema lililo gumu. Akishikilia, peleka suala kwa mratibu wa masomo ya uzamili kabla makala haijatumwa popote. Na makala ijayo, kubalianeni majina kwa maandishi siku ya kwanza.

"Jarida limeniandikia Kabale, linataka dola na linaahidi kuchapisha ndani ya wiki moja."

Achana nalo. Uhakiki wa kweli hauishi wiki moja, na kamati ya kupandisha vyeo ikilitilia shaka jarida, makala yako imepotea pamoja na hela. Anza kutafuta AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyopo tangu 1998, kisha muulize mkutubi.

"Ni mjamzito. Nikienda likizo, kozi yangu itachukuliwa?"

Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Pata barua inayosema nani anakushikia kozi na lini unaipokea tena.

"Nafundisha Kiswahili Kampala, idarani tuko wawili tu. Nani atatulea?"

Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, kwa hiyo ninyi wawili ndio mtakaowaandaa walimu wengi. Walezi wenu watafuteni nje ya mipaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina majarida mawili, moja liitwalo "Kiswahili" na jingine "Mulika", na wahakiki wake watakupa maoni hata wakikataa makala. Makongamano ya CHAKAMA, yaani Chama cha Kiswahili cha Afrika Mashariki, huwaleta pamoja wataalamu wa Afrika Mashariki. Nenda na makala, rudi na namba za simu za wawili watakaokubali kusoma rasimu yako. Wakati huohuo, wewe na mwenzako badilishaneni kurasa tatu kila Ijumaa.