Kwa nini heda ya X- inawafikia wateja wengine na kwa wengine inapotea

Ndugu, umeuliza kwa nini heda ya X-Namba-Ankara (heda ni mstari wa taarifa unaotangulia mwili wa barua pepe), ambayo mfumo wenu huiweka katika kila barua pepe ya ankara, inaonekana kwa baadhi ya wateja na kwa wengine haipo kabisa. Nimesimamia seva za barua pepe kwa miaka mingi, hasa zinazotumia programu za Postfix na Exim, na ninakuhakikishia kwamba seva inayopitisha barua tu haina ruhusa ya kuigusa heda hiyo. RFC 5322 ya mwaka 2008 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti) inakubali heda ya jina lolote, mradi jina liwe la herufi za ASCII zinazochapika, yaani herufi, tarakimu na alama za kawaida za Kiingereza, lisilo na nafasi wala nukta mbili ndani yake. Nayo RFC 5321 ya mwaka huohuo inaitaka seva ya njiani iongeze mstari wake wa Received, unaoonyesha kwamba barua imepita kwake, na kuyaacha mengine yalivyo.

Kwa hiyo, ikiwa wengine wanaipata, kuna msimamizi upande wa wale wasioipata aliyeweka kanuni ya kuiondoa. Kwenye Postfix kanuni hiyo hukaa katika mpangilio wa header_checks, ikiwa na neno IGNORE, linaloagiza heda ifutwe. Kwenye Exim ni mpangilio wa headers_remove. Mara kwa mara nimekuta kanuni inayofuta kila heda inayoanza na X-, iliyokusudiwa kuficha anwani za IP za ndani, na kwangu huo ni uzembe, kwa sababu inafagia hata vitu ambavyo watu wanavitegemea. Ni tofauti na Exchange, seva ya barua pepe ya Microsoft, ambayo huziondoa heda za X-MS-Exchange-Organization- zinazotoka nje kwa sababu ya msingi: heda hizo hubeba maamuzi ya ndani, na mtumaji yeyote angeweza kujiandikia kwamba barua yake si taka.

Kagua pia mfumo wenu. Mstari usio na nukta mbili ukiingia katikati ya heda, Postfix huhesabu kwamba mwili wa barua umeanzia hapo, na heda zote zilizo chini yake hugeuka maandishi ya kawaida. Mstari unaozidi herufi 998 nao hugawanywa na Postfix kuwa zaidi ya mmoja wakati wa kutumwa.

Ningewashauri mwachane na X-, kwani RFC 6648 ya mwaka 2012 haishauri tena kiambishi hicho kwa majina mapya, na mtumie jina linaloanza na la kampuni yenu. Litajeni jina hilo katika h=, yaani orodha ya heda zinazolindwa na sahihi ya DKIM (sahihi ya kidijitali ambayo kikoa cha mtumaji huiweka kwenye barua), maana heda isiyotajwa humo inaweza kubadilishwa njiani na sahihi ikaendelea kukubaliwa.

Mwombe mteja mmoja asiyeipata akutumie barua yenyewe kama kiambatisho, si kwa kuisambaza kawaida, kwa sababu kuisambaza hutengeneza barua mpya yenye heda mpya. Kisha soma mistari ya Received kutoka chini kwenda juu, umwulize msimamizi wa kila seva ya upande wao kuhusu kanuni zake.